Siku ya Jua Nyandarua

Babu yangu alikuwa na maneno aliyoyarudia kila asubuhi ya Januari ambayo mlima ulionekana wote, kutoka msituni hadi juu kabisa. Alikuwa akisimama uani na kikombe chake cha chai, anaangalia magharibi, anasema: "Jua lilikuwa letu. Ukungu ulikuwa wao." Halafu anaenda zake kukamua. Sisi wajukuu tulidhani ni mwanzo wa hadithi ambayo guka alikuwa amesahau iliyobaki. Siku moja binamu yangu alimuuliza, "Wao akina nani, guka?" Akajibu, "Fisi." Tukacheka sana, tukaenda kucheza.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na guka alikuwa ameshazikwa, nilipokutana na "sisi" yake ndani ya kitabu cha maktaba. Ilikuwa picha ya kituo cha homgadi cha mwaka 1954 au karibu na hapo: mnara wa miti, handaki limejaa vijiti vilivyochongwa, daraja la kuinua, na wanaume wamesimama kwa safu, wana mikuki na kitambaa mkononi. Guka hakuwemo katika picha ile. Lakini kitambaa nilikijua. Kilikuwa katika sanduku lake la bati, chini ya hati ya shamba, na cucu alikuwa akitufukuza kila tulipokigusa.

Nilimpigia mama simu jioni ile. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Wewe ulidhani shamba letu ni kubwa kuliko la jirani kwa sababu gani?"

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kwenda Nyandarua. Ningeweza kusema nilienda kwa sababu napenda milima, na si uongo, napenda. Lakini milima ya kupenda iko mingi, na mingine iko karibu zaidi na Nairobi.

Tulifika lango la Shamata, upande wa kaskazini-magharibi, kabla jua halijatoka. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Tulikuwa wanne: mimi, wenzangu wawili wa kazini, na daktari mmoja anayependa milima kuliko anavyopenda watu. Wa tano alikuwa askari wa wanyamapori, kwa sababu huku huruhusiwi kutembea bila mwenye bunduki; nyati ni wengi na hawana subira. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na G3 yake aliibeba kama mtu anavyobeba jembe. Aliangalia juu, akaangalia mashariki, akasema, "Leo mmebahatika. Hadi saa sita hamtaona wingu. Baada ya saa sita siahidi mtu kitu."

Tukaanza kupanda. Njiani akaniuliza kwetu ni wapi.

"Nyeri, afande. Upande wa Mweiga."

"Aa! Basi huu ni mlima wenu. Guka wako alikuwa msituni, si ndiyo?"

"Alikuwa hapo karibu na msitu," nikasema.

"Mashujaa wale," akasema, na nikamwacha aseme hivyo.

*

Wacha nianze na jina, maana hata ramani tuliyobeba ilikuwa na majina matatu kwa kitu kimoja. Kwa Wakikuyu safu hii ni Nyandarua, na wazee wanasema ni kwa sababu ukiitazama kutoka mbali mgongo wake unafanana na ngozi iliyotandazwa ikauke. Kilele chake kikuu, chenye mita 4,001, kinaitwa kwa Kimaasai Ol Doinyo Lesatima, mlima wa ndama dume, na sisi tumekikata kikabaki Satima. Halafu kuna jina la tatu, lile lililoshika serikalini: Aberdare.

Aberdare ni mji wa Wales uliokuwa na machimbo ya makaa ya mawe. Henry Bruce, mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, alipopewa cheo cha ubwana alichukua jina la kwao akawa Lord Aberdare. Mwaka 1883 alikuwa rais wa Royal Geographical Society ya London, na chama hicho ndicho kilichomtuma kijana Mskoti wa miaka 25, Joseph Thomson, apite nchi ya Wamaasai kuelekea Ziwa Victoria. Thomson alipoiona safu hii akampa mlipaji wa safari zawadi ambayo haikumgharimu yeye chochote. Bwana yule hakuwahi kukanyaga hapa.

Hadithi ya aina hii mmeisoma mara nyingi, sitawachosha nayo. Ninaitaja kwa sababu moja tu. Thomson aliupa mlima jina kwa kuuona. Alikuwa chini, hewa ikiwa safi, akatazama. Kwa miaka sabini iliyofuata, karibu kila jambo lililofanywa na serikali ya kikoloni kuhusu mlima huu lilitegemea kuuona: kuupima, kuuchora, kuukata mpaka, kuufanya msitu wa Mfalme, na mwaka 1950 kuufanya hifadhi ya taifa. Kisha ukafika wakati ambapo kuuona lilikuwa suala la kuua au kuuawa.

*

Kufikia saa mbili tulikuwa tumeshaacha vichaka nyuma. Upande huu wa kaskazini msitu si mnene kama ule wa kwetu Nyeri, wenye mianzi iliyobanana hadi huoni unakoweka mguu. Hapa unatoka mapema kwenye uwanda wa juu: nyasi za mafungu hadi magotini, lobelia zimesimama moja moja, matope meusi kwenye mabonde, na njia za tembo zilizo safi kuliko barabara nyingi za kaunti. Mbele yetu kulikuwa na ile minara ya mawe ambayo watembezi wanaiita Meno ya Joka. Ni miamba ya volkano, mirefu, imechongoka, imepangwa juu ya kigongo kama kweli mtu aliipanda.

Kusema kweli sijawahi kuona siku kama ile. Anga lilikuwa la buluu ile ya juu ambayo inakaribia kuwa nyeusi. Mashariki Mlima Kenya ulisimama wote, Batian na Nelion na theluji kidogo iliyobaki, kana kwamba ungeweza kuwarushia jiwe watu walioko huko. Kaskazini Laikipia ilitanda hadi ikawa vumbi. Daktari wetu, mtu asiyesifu kitu, alisema, "Hii sasa ni hali ya hewa."

Nikaangalia nyuma tulikotoka. Niliweza kuona kila hatua tuliyopiga: nyasi zilizolala, mstari mweusi kwenye barafu iliyokuwa bado haijayeyuka kivulini. Mwenzetu mmoja alikuwa amebaki nyuma kufunga kamba za buti, labda mita mia nane kutoka kwetu, na koti lake jekundu lilionekana kama taa. Nilimtazama, na hapo ndipo sauti ya guka ilinijia. Jua lilikuwa letu.

*

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ikafanywa eneo lililokatazwa. Neno hilo tulisome polepole: ndani ya eneo lile, mwanajeshi aliruhusiwa kumpiga risasi mtu yeyote bila onyo. Hakuulizwa alikuwa nani. Kuonekana kulitosha.

Ukisimama kwenye uwanda ule wa juu unaelewa jambo ambalo ramani za vita hazisemi. Msitu una mwisho kwa juu kama ulivyo na mwisho kwa chini. Wapiganaji waliishi kwenye mkanda wa katikati, wenye mianzi na miti mikubwa. Chini yao palikuwa na homgadi, polisi na vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Juu yao palikuwa na hapa nilipokuwa nimesimama: wazi, baridi, bila mti wa kujificha hata mtoto. Na mtu wa kutoka Nyeri anayetaka kwenda upande wa Kinangop hana budi kupita hapa au karibu na hapa.

Kuanzia mwaka 1953 zikaja ndege. Harvard, ndogo, za injini moja, ziliruka kutoka uwanja wa Mweiga, zikibeba mabomu madogo na bunduki ya rashasha. Baadaye mwaka huohuo zikaongezwa Lincoln za injini nne, zikiruka kutoka Eastleigh Nairobi, na hizo zilibeba mabomu ya ratili 500 na 1,000. Harvard ndizo alizozijua guka, kwa sababu Mweiga ni kwetu. Rubani anahitaji kuona, na milima hii ina desturi yake: asubuhi huwa safi, halafu jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na kufika adhuhuri juu kumefunikwa. Kwa hiyo asubuhi safi ilikuwa asubuhi ya ndege. Kumbe guka alipokuwa akisimama uani na chai yake hakuwa akitunga fumbo. Alikuwa akisoma hali ya hewa kama alivyoisoma akiwa na miaka ishirini na kitu, akingoja kusikia injini.

Na upande wa pili wa maneno yake? Ukungu ulikuwa wao. Moshi wa moto wa kupikia ukionekana mchana, umekwisha. Kwa hiyo chakula kilipikwa usiku, au siku ukungu ulipolala. Nguo zilipochakaa walivaa ngozi za wanyama. Waliokaa kule muda mrefu walizoea msitu hadi wanyama nao wakawazoea, na mlio wa ndege wa porini uliweza kuwaonya kwamba kuna mgeni. Mvua na ukungu, ambavyo sisi watembezi wa wikendi tunaviombea visije, vilikuwa paa lao. Ukisoma *Carcase for Hounds* ya Meja Mwangi utaona mvua haikomi karibu kitabu kizima, na nilipoisoma mara ya kwanza niliona mwandishi amezidisha. Sasa sioni hivyo. Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948. Mlima na mawingu yake alikua akiviona.

Januari 1955 jeshi lilifanya operesheni iliyoitwa Hammer. Maelfu ya askari walipandishwa hadi juu, kwenye uwanda huu, kisha wakaambiwa washuke wakifagia. Walianza juu kwa sababu juu ndipo mtu hawezi kujificha. Walichagua Januari. Mimi pia nilichagua Januari, kwa sababu ileile.

*

Kitu kimoja nataka kukitaja kwa wasomaji wa hapa hasa, maana sisi ni watu wa vitabu. Msitu ule ulikuwa umejaa karatasi.

Zile zilizotoka juu, kwanza. Ndege hazikuangusha mabomu tu, ziliangusha pia vikaratasi vya kuwataka watu wajisalimishe. Mwezi wa Agosti 1953 ahadi ilikuwa kwamba atakayetoka msituni ameshika tawi bichi hatapigwa risasi. Ndege nyingine zilikuwa na vipaza sauti, zikizunguka juu ya miti zikiita. Jaribu kuwaza: mtu amelala chini ya mianzi, mbinguni kunazungumza Kikuyu.

Na zile zilizoandikwa ndani. Dedan Kimathi alikuwa mtu wa kuandika. Aliandika barua, aliandika amri, alitaka kila kikosi kiwe na daftari, kumbukumbu za mikutano, orodha za majina, vyeo. Mwezi wa Agosti 1953 viongozi walikutana Mwathe, ndani ya safu hii, wakaunda baraza la kuongoza vita. Februari 1954 wakaunda walichokiita Bunge la Kenya, Kimathi akiwa kiongozi. Bunge bila nyumba, katika nchi ambayo bunge lenye nyumba halikuwa na kiti cha mtu kama yeye. Karani wake mmoja alikuwa Karari Njama, mwalimu wa shule, na mwaka 1966 Njama na Mmarekani Donald Barnett walitoa *Mau Mau from Within*. Bado sijapata kitabu kinachoeleza maisha ya msituni kwa undani zaidi ya kile: nani alipika nini, nani aligombana na nani kuhusu cheo, nani aliota ndoto gani. Njama haoni haya kuonyesha kwamba Kimathi alikuwa mgumu, mwenye shaka, wakati mwingine mkatili. Ninamwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Wengi wetu tulimjua Kimathi kwanza jukwaani, katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo Kiswahili chake ni *Mzalendo Kimathi*. Ni tamthilia nzuri na niliwahi kuigiza ndani yake shuleni. Nilikuwa askari. Mwalimu hakujua, na mimi sikujua.

Mwenyewe alikamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956, ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri, alipokuwa ametoka kutafuta chakula. Aliyempiga risasi ya paja alikuwa polisi wa kikabila, Mkikuyu kama yeye. Alishtakiwa Nyeri, na shtaka halikuwa la kuongoza vita wala la kuua mtu. Lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi bila leseni. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kabla yake na baada yake walinyongwa wengine, zaidi ya 1,000 kwa jumla katika miaka ile.

*

Satima yenyewe, nikubali, haitishi. Baada ya Meno ya Joka unafuata kigongo, unashuka kidogo, unapanda tena, unapita vilele vidogo viwili vitatu ambavyo kila kimoja kinakudanganya kuwa ndicho, halafu unafika kwenye mawe yaliyorundikwa na unaambiwa basi, ni hapa. Kichwa kilikuwa kinanigonga kwa sababu ya urefu. Tulikaa chini, tukafungua nduma na chai ya themosi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Magharibi chini yetu palikuwa na bonde la Wanjohi. Huko miaka ya 1920 waliishi Wazungu matajiri wachache waliokuwa wakinywa, wakibadilishana wake na kuandikiana barua, na vitabu kuwahusu vimejaa madukani hadi leo, filamu juu yake. Nimewahi kuhesabu rafu ya historia ya Kenya katika duka moja la uwanja wa ndege, na wale watu wa Wanjohi walikuwa na vitabu vingi kuliko Mau Mau. Sisemi zaidi.

Kaskazini ndiko nilikotazama kwa muda mrefu. Kuna mtu anayeitwa Stanley Mathenge, jenerali, mpinzani wa Kimathi ndani ya msitu huohuo. Mwaka 1955 alitoweka. Watu wakasema aliondoka na kikosi chake kwa miguu hadi Ethiopia. Kwa miaka karibu hamsini Nyeri iliishi na hadithi hiyo, na mwaka 2003 serikali ikamleta mkulima mzee kutoka Ethiopia, ikampokea kwa heshima zote za shujaa. Mzee wa watu alikuwa anashangaa tu. Hakujua Kikuyu. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha siye, akarudi kwao. Nchi nzima ilicheka, na mimi nikiwemo, nilikuwa msichana wa shule. Lakini pale juu, nikiitazama Laikipia inavyoteremka ikiwa wazi, bila kivuli, kavu, siku baada ya siku ya kutembea, sikuona cha kuchekesha. Niliona tu mtu anayeondoka kwenye ukungu wake kwenda kwenye jua hilo lote.

Mwaka huohuo wa 2003 ndio serikali ilifuta sheria iliyoifanya Mau Mau kuwa chama haramu. Sheria ya mkoloni ilikuwa imekaa vitabuni miaka arobaini baada ya uhuru. Watu husema kimya cha familia zetu ni aibu ya waliokuwa upande wa serikali, na kweli ni hivyo. Lakini jirani yetu, yule mwenye shamba dogo, ambaye baba yake alirudi kutoka kizuizini akakuta ardhi imeshapimwa na kugawanywa wakati hayupo, naye hakuwahi kusema kitu. Kisheria baba yake alikuwa bado mhalifu. Watoto wake na sisi tulisoma darasa moja na tulichota maji kisima kimoja.

Homgadi walikuwa zaidi ya 20,000 wakati wa kilele cha vita. Vijana wengine walijiunga kwa kupenda mkubwa wao, wengine kwa hofu, wengine kwa sababu ndugu yao alikuwa ameuawa, wengine kwa ajili ya kipande cha ardhi na kuachiliwa kodi. Mau Mau waliua zaidi ya Waafrika 1,800 raia, idadi ya walowezi waliouawa ikiwa 32. Homgadi nao walipiga, waliiba ng'ombe, walichoma nyumba, walinajisi wanawake ndani ya vijiji vile ambamo zaidi ya watu milioni moja walifungiwa. Guka alikuwa wa aina gani? Mama anasema alikuwa mlinzi wa mnara tu, kazi yake ilikuwa kuangalia. Ninamwamini mama kwamba hivyo ndivyo alivyoambiwa.

Mtu wa mnara kazi yake ni kuangalia. Siku ya jua anaona mbali. Akiona moshi msituni anapiga kengele.

*

Wingu lilikuja saa sita kasoro, mapema kuliko ahadi ya afande. Halikutoka juu. Lilipanda kutoka upande wa Nyeri, upande wa kwetu, likijaza bonde moja baada ya jingine kama maziwa yanavyopanda sufuriani, na sisi tukiwa bado tunasema angalia, angalia, likawa limetufikia. Baridi ikabadilika. Mlima Kenya ukaondoka, kisha Laikipia, kisha kile kigongo tulichopitia. Mwenzetu wa koti jekundu alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwangu na sikumwona tena. Nilisikia tu akifunga themosi.

Sauti zilikuwa zimekaribia ajabu. Nilisikia kamba ya bunduki ya afande ikigusa kifungo cha koti lake, na sikujua yuko upande gani.

"Afande," nikasema.

"Ndiyo, madam."

"Guka wangu hakuwa msituni. Alikuwa homgadi. Kituo kilikuwa huko chini, Mweiga."

Hakujibu mara moja. Nilidhani labda hakusikia, au labda ukungu ulikuwa umemhamisha. Nilifikiria kurudia, nikashindwa.

"Sawa," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani. "Inukeni tushuke. Ukungu ukiingia hivi nyati wanatoka kula, na mimi siwaoni. Mfuatane. Kila mtu amshike wa mbele yake begi."

Tukashuka hivyo, watu watano tumeshikana mabegi kama watoto wa nasari wanaovuka barabara. Niliangalia buti za daktari mbele yangu na sikuona kingine. Mara mbili afande alisimama ghafla na sote tukagongana; mara ya pili tulisikia kitu kizito kikipumua kushoto kwetu, kisha nyasi zikikatika polepole, kikienda zake. Hakuna aliyesema neno kwa muda wa dakika tano hivi. Chini ya Meno ya Joka ukungu ukawa mwepesi, tukaanza kuonana tena, nyuso zimelowa.

Langoni tulitia sahihi daftari la kutoka. Kuna mahali pa kuandika jina, namba ya kitambulisho, saa, na unakotoka. Asubuhi nilikuwa nimeandika Nairobi. Afande alikuwa amesimama nyuma yangu akingoja kalamu. Nilikata Nairobi kwa mstari mmoja, nikaandika Mweiga, nikampa.